Chunusi Hazisikii Sabuni: Cheki Sahani Yako Kabla Ununue Krimu Ingine

Wacha nianze na yangu. Nikiwa kidato cha tatu, uso wangu ulikuwa kama barabara ya mtaa baada ya mvua ya Aprili. Matuta, mashimo, kila kitu. Mathe alisema ni juu sijui kuosha uso. Shosho akasema nimebalehe, nitulie. Maboyz wa darasa walinipatia jina ambalo sitaliandika hapa. Basi nikaanza kuosha uso mara sita kwa siku na sabuni ya kipande, ile ya kufua nguo, hadi ngozi ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa keja ya bei ya chini. Chunusi hazikuenda mahali. Tofauti ni kwamba sasa zilikuwa zimekaa juu ya ngozi kavu.

Nikimaliza shule, kuna bash moja nilikuwa nataka kufika nikiwa fiti kabisa. Nikaingia tao, nikapata duka la vipodozi, nikauziwa katyubu kadogo kwa chwani tu. Siku ya nne uso ulikuwa laini kama wa mtoto. Manze, nilijipiga foto hadi simu ikalia imejaa. Nikaendelea kupaka karibu miezi miwili, kisha nikaacha. Ndani ya wiki mbili zilirudi zikiwa jeshi: chunusi ndogo ndogo, zote saizi moja, zinawasha, hadi shingoni. Daktari niliyemwona baadaye aliishika hiyo tyubu, akasoma maandishi ya nyuma, akanirudishia bila kusema kitu kwa kama dakika nzima. Ilikuwa steroidi.

Nakupea hii story juu najua kuna mtu anasoma hapa akiwa na hiyo tyubu kwa mkoba saa hii. Na kuna mwingine ameambiwa na kila mtu aache mafuta, aache chipo, aache njugu, ameacha zote na uso bado haujabadilika. Chakula kina maneno kwa mambo ya chunusi, hiyo ni kweli. Lakini mara nyingi chakula tunacholaumu sicho.

Kwani chunusi hutoka wapi?

Kila unywele kwa uso wako, hata ule hauonekani, umetoka kwenye kishimo. Kando ya hicho kishimo kuna tezi inayotengeneza mafuta. Hayo mafuta si adui; ndiyo yanafanya ngozi isipasuke kama ya kisigino. Shida inaanza ukibalehe. Homoni za kiume, ambazo wasichana pia wanazo, zinaamsha hizo tezi zifanye kazi ya ziada. Mafuta yanakuwa mengi, seli za ngozi iliyokufa badala ya kupukutika zinashikana nayo, na mlango wa kishimo unazibwa. Zikiziba na mlango ubaki wazi, unaona vile vidoti vyeusi vya puani. Watu hudhani hivyo vidoti ni uchafu. Sio. Ni hayo mafuta na seli zimepigwa na hewa zikabadilika rangi, na ndio maana unaweza kusugua hadi ulie na bado zikuangalie.

Sasa ndani ya hicho kishimo kilichozibwa kuna bakteria anaitwa Cutibacterium acnes. Huyu anaishi kwa ngozi ya kila mtu, hata yule dem wa ngozi safi unayemfuata Instagram. Lakini akipata mafuta mengi na hewa kidogo, anazaana sana, mwili unatuma askari kupigana naye, na hapo ndipo unapata uvimbe, usaha na maumivu.

Kwa hivyo ni vitu vinne vinakutana: mafuta mengi, mlango kuziba, bakteria na uvimbe. Kama wazazi wako walikuwa na chunusi mbaya, uwezekano wako wa kuzipata uko juu, na hakuna sabuni itabadilisha hiyo. Na hauko peke yako, msee. Kadirio linalotajwa sana na madaktari wa ngozi ni kwamba karibu asilimia 85 ya watu wa kati ya miaka 12 na 24 hupitia chunusi za aina fulani. Wengine zinawafuata hadi miaka ya thelathini, hasa wanawake.

Uchafu haumo kwenye hiyo hesabu. Osha uso mara mbili kwa siku na sabuni isiyo kali, basi. Ukizidisha unakwaruza ngozi na uvimbe unaongezeka.

Chokoleti ilisafishwa jina, lakini kwa ujanja

Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wanasema chakula hakihusiani na chunusi hata kidogo. Sehemu kubwa ya huo msimamo ilitokana na utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1969. Watu 65 walipewa chokoleti kwa wiki kadhaa, halafu wakapewa kipande kingine kinachofanana nayo lakini hakina kakao. Chunusi hazikutofautiana. Watu wakasema sawa, kesi imefungwa, kula unachotaka.

Lakini cheki hapa. Hicho kipande cha kulinganisha kilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na chokoleti yenyewe. Ni kama kumpea mtu soda nyeusi, kisha soda ya machungwa, halafu useme soda haina neno juu hakuna tofauti uliyoona.

Mwaka 2002 watafiti walichapisha ripoti kuhusu wakazi wa kisiwa cha Kitava, kule Papua New Guinea. Walikagua watu karibu 1,200, na kati yao 300 walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 25. Hawakupata chunusi hata moja. Hawa watu hula viazi vitamu, viazi vikuu, matunda, samaki na nazi. Mkate, soda na sukari ya dukani karibu hawajui. Unaweza sema labda ni damu yao tu, na hilo ni swali la haki. Pia hawaishi kama sisi kwa vitu vingi mbali na chakula. Lakini hiyo ripoti iliamsha watu.

Kisha 2007 huko Australia wakachukua vijana wa kiume 43 wenye chunusi, miaka 15 hadi 25. Nusu wakaendelea na wanga wa kawaida. Nusu wakabadilishiwa: proteini zaidi, na wanga wa aina inayopandisha sukari ya damu polepole. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepungukiwa na chunusi, lakini waliobadilisha chakula walipungukiwa karibu mara mbili: takriban chunusi 23 kwa wastani, dhidi ya 12. Sitakuficha kwamba hao wa chakula kipya pia walipungua uzito, kwa hivyo ni ngumu kusema ni chakula pekee kilichofanya kazi. Bado, wiki 12 bila dawa na uso unaonyesha tofauti, mimi hiyo naichukua.

Sukari inafikaje kwa uso?

Haitembei ikatokea kwa shavu. Inapitia kwa insulini. Ukikula kitu ambacho kinageuka sukari haraka, kama mkate mweupe, mandazi, soda au chipo, sukari ya damu inaruka juu ghafla. Mwili unamwaga insulini nyingi ili kuishusha. Insulini ikipanda, inapandisha kazi ya homoni ingine inaitwa IGF-1, na pia inaacha homoni za kiume zikiwa huru zaidi kwa damu. Zote mbili zinaambia zile tezi kitu kimoja: toa mafuta. Pia zinafanya seli za mlango wa kishimo ziongezeke haraka. Vitu viwili kati ya vile vinne vimeshawashwa, na wewe ulikuwa unamaliza tu kiamsha kinywa.

Sasa chukua siku ya kawaida ya msee wa Nairobi. Asubuhi chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, mandazi mbili. Saa nne smokie. Lanchi ni smocha ama chipo na soda. Soda ya kola ya nusu lita huwa na takriban gramu 50 za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai. Hakuna mtu anaweza kuweka vijiko 12 kwa kikombe cha chai hapo mbele yako bila umwambie kitu. Jioni chai tena na mkate, halafu ugali wa unga mweupe uliosafishwa hadi makapi yote yameisha. Insulini haijapumzika tangu asubuhi.

Na hii ndio sehemu watu hukosea. Chipo zikilaumiwa, hulaumiwa juu ya mafuta, kwamba yale mafuta ya karai yatatokea usoni. Mafuta unayokula hayana bomba la moja kwa moja hadi kwenye paji la uso. Kwa chunusi, kinachoshukiwa zaidi ni hao waru wenyewe na soda iliyokaa kando yao. Mimi niliwahi kuacha njugu na ovacado mwaka mzima nikiendelea na soda kila siku. Niliacha vitu sivyo kabisa.

Kibandaski iko na jibu bei ya chini

Habari poa ni kwamba huhitaji kununua vyakula vya watu wa Westlands. Chakula kinachopandisha sukari polepole ndicho mathe alikuwa anapika mkilalamika. Githeri. Ndengu. Madondo. Kamande. Nduma ya kuchemsha asubuhi mahali pa mandazi. Mayai boilo. Njugu za mbao kwa mfuko ukiwa kwa mat. Ovacado, tena ya msimu wakati zinauzwa karibu bure. Sukuma, managu na terere kwa wingi. Matunda yakiwa mazima, sio yamesagwa yakawa juisi na kuongezwa sukari.

Ugali si lazima uache, mimi sijaacha na siachi. Nilichofanya ni kupunguza mlima, nikaongeza mboga na madondo, na unga nikahamia ule wa posho mill ambao bado uko na makapi yake. Wengine huchanganya na wimbi au mtama. Chapo nayo, ukila moja na ndengu sahani imejaa, si sawa na chapo tatu na chai tamu. Maharagwe na mboga hufanya hiyo sukari iingie polepole.

Halafu kuna omena. Najua, najua, harufu. Lakini omena ni samaki wanaoliwa wazima, na wako na omega-3, aina ya mafuta inayosaidia kutuliza uvimbe mwilini. Kuna tafiti ndogo zinaonyesha omega-3 inaweza kusaidia chunusi kidogo. Sisemi itafanya miujiza. Nasema ni nafuu, iko na proteini, na kama unatafuta cha kuweka mahali pa smokie, hiyo hapo.

Kunywa maji ni poa kwa mwili wako. Lakini yule mtu wa TikTok anayekuambia lita nne kwa siku zitafagia chunusi anakupeleka tu choo.

Maziwa ni kesi ngumu

Hapa naona nitatukanwa, juu Mkenya na chai ya maziwa ni ndoa. Mwaka 2005, watafiti wa Marekani waliuliza wauguzi zaidi ya 47,000 walikuwa wakila nini wakiwa sekondari, na kama walikuwa na chunusi kali. Waliokunywa maziwa mengi waliripoti chunusi zaidi, na cha kushangaza, uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwa maziwa yaliyotolewa mafuta. Tena unaona mafuta sio mshukiwa mkuu. Maziwa yenyewe huongeza insulini na IGF-1 mwilini, na hapo tunarudi kwa ile njia ya sukari.

Lakini huo ni uhusiano, sio ushahidi wa mahakama. Kuuliza mtu mzima alikunywa nini akiwa na miaka 15 ni kumpa mtihani wa kumbukumbu. Na maziwa yana kalisi na proteini, vitu ambavyo kijana anahitaji. Kwa hivyo usiamke kesho ukafukuza maziwa kejani. Jaribu: strungi kwa wiki nane hadi 12, uone. Kama uso haujajali, rudia chai yako na amani. Ukiona tofauti, basi umejijua, na kalisi utaitafuta kwa omena na mboga.

Maboyz wa gym, hii ni yenu. Ule unga wa proteini unaochanganya kwa chupa, mwingi ni proteini ya maziwa inayoitwa whey. Madaktari wameripoti wajenga mwili ambao chunusi za kifua, mgongo na uso zilianza walipoanza huo unga, na zingine zikatulia walipoacha. Kama mgongo wako ulichafuka mwezi ule ule ulijiunga na gym, usilaumu tu jasho. Na kama unachodungwa huko gym sio unga tu bali homoni, hiyo ni kesi kubwa kuliko chunusi.

Wakati sahani haina makosa

Sio kila uso unaoharibika umeharibiwa na chakula. Ukiona chunusi zimejipanga kwa mpaka wa nywele na paji la uso tu, angalia mafuta ya nywele na jeli ya kulaza zile nywele za mbele. Mafuta mazito huteremka na kuziba vishimo. Kwa wanaume, vipele vya kidevu na shingo baada ya kinyozi mara nyingi si chunusi kabisa, ni nywele zilizojikunja zikaingia ndani ya ngozi. Hizo hata ule nduma mwaka mzima hazitaskia. Zinataka kubadilisha vile unanyoa.

Madem, kama chunusi zimekaa kwa taya na kidevu, hedhi inaruka miezi na nywele zinaota kidevuni, tafuta daktari apime homoni. Kuna hali ya ovari inayosababisha hayo yote, na inatibika vizuri ikijulikana mapema. Pia njia zingine za kupanga uzazi, hasa za homoni moja kama sindano na vijiti vya mkononi, zinaweza kuleta chunusi kwa wengine, huku aina fulani za tembe zikizipunguza. Usitoe kijiti kwa hasira. Uliza kliniki wakubadilishie.

Stresi na kukosa usingizi pia vinachangia. Wiki ya mitihani uso unajua.

Na hizo tyubu za tao? Steroidi hushusha uvimbe haraka, ndio maana siku ya nne unajiona umeomoka. Lakini inaendelea kula ngozi chini chini: inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, na ukiacha ghafla chunusi zinarudi na hasira. Za kung'arisha ngozi nazo mara nyingi zina haidrokwinoni au zebaki, na zebaki inaharibu figo. KEBS ilipiga marufuku vipodozi vyenye hivi vitu kitambo sana, na bado vinauzwa kando ya barabara kama pipi. Limau na dawa ya meno usoni pia ni kujichoma tu.

Kitu kinachofanya kazi hakina mbwembwe. Ingia kemia halisi, uliza krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Inaua yule bakteria. Anza na kidogo, usiku mmoja ndio mmoja hapana, na ujue itatoa rangi kwa taulo na foronya, kwa hivyo tumia za kuzeeka. Ingine ni adapalini, inayofungua vile vishimo vilivyoziba, lakini hiyo usiguse ukiwa na mimba. Zote zinataka wiki nane hadi 12. Wengi wetu huacha wiki ya tatu tukisema haishiki.

Chunusi ikipona, kwa ngozi yetu nyeusi inaacha doa, na hilo doa linaweza kukaa miezi. Sio kovu, litaisha, ila kila ukifinya unalipatia maisha marefu. Jua pia linalikoleza, kwa hivyo mafuta ya kukinga jua si ya wazungu peke yao.

Kama ni zile kubwa za chini ya ngozi, zinauma ukigusa, ama zimeanza kuacha mashimo, chakula kitasaidia kidogo tu na usingoje. Hospitali kubwa za umma kama Kenyatta zina kliniki za ngozi, na kuna dawa kali za tembe kwa kesi kama hizo. Moja ni isotretinoini. Inafanya kazi vizuri sana, lakini inaharibu mtoto tumboni vibaya, kwa hivyo haipewi mwanamke bila kipimo cha mimba na mpango wa uzazi ulio thabiti. Ukiiona inauzwa mtandaoni bila daktari, pita.

Na ukienda, beba kila kitu umekuwa ukipaka, hata ile tyubu unaionea haya. Kama ni steroidi, daktari atakupangia vile utaiacha polepole, na hawezi kukupangia kama hajasoma ilichoandikwa nyuma.